Mama Mkubwa na ngozi ya uso: historia niliyopaswa kuijua kabla sijacheka

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya bila hata kulaiki (nawajua). Niliahidi wiki hii tuendelee na uji wa lishe. Uji utasubiri. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu siku ya kliniki na nisipoliandika sitalala vizuri.

Siku hiyo benchi lilikuwa limejaa, mnajua Idete siku ya kupima watoto inavyokuwa. Kuna mama alimleta mjukuu wake kwenye mizani. Hapa mtaani wote tunamwita Mama Mkubwa, ana miaka 59. Nilipomaliza kuandika kadi ya mtoto, akainama karibu na meza akaniuliza, "Sista, hivi ule upasuaji wa kuvuta ngozi ya uso, mtu wa umri wangu akifanyiwa anapona?"

Nikacheka.

Sikucheka kwa ubaya, lakini nilicheka kwa sauti, na nikamjibu kwa sauti, "Mama, unataka kuolewa tena?" Benchi zima likaangua kicheko. Naye akacheka, akajifunga khanga yake vizuri, akambeba mjukuu mgongoni akaondoka. Ni baadaye, nakunja makadi, nikagundua kwamba alikuwa ameuliza swali la kitabibu kwa mtu wa tiba na mtu wa tiba amemjibu kwa mzaha mbele ya watu ishirini. Kama angeniuliza habari ya goti lake nisingecheka.

Jioni nikaenda kwake. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu kama kawaida, akanipa kigoda. Nikamwomba radhi. Akasema yamekwisha, kisha akanieleza.

Miaka mingi alikuwa anahudumu kwenye mgahawa, ule wa kupokea wageni na kuwawekea chakula mezani. Mwaka jana mwenye mgahawa akamwambia aende jikoni nyuma, mbele wawekwe mabinti, eti wateja wanapenda sura changamfu. Jikoni malipo ni madogo na moshi ni mwingi. Binti yake yuko Muscat anafanya kazi za ndani, na ndiye aliyemwambia, mama, huku wanawake wanakazwa uso, nitakutumia hela. Halafu kuna mtu kwenye simu anamtumia picha za kabla na baada, anasema ana sindano za kukaza uso, hospitali hakuna haja, anakuja mpaka nyumbani.

Hapo kwenye sindano za nyumbani ndipo nilipokaa sawa kwenye kigoda.

Nikamwambia anipe wiki mbili nisome. Nimesoma. Na nilichokuta ni kwamba upasuaji huu tunaouona wa masupastaa una historia ndefu, na kipande chake kimoja kimepita hapa hapa Tanzania, chini ya mlima Kilimanjaro. Nitawasimulia kwa sehemu, msichoke.

SEHEMU YA 2

Kabla watu hawajawaza kuondoa makunyanzi, walitaka kwanza kurudisha sura iliyopotea. Huko India, zamani sana, adhabu ya mtu ilikuwa kukatwa pua, na mafundi wa huko walijua kuchukua ngozi ya shavuni au ya paji la uso, kuigeuza bila kuikata kabisa ili damu iendelee kupita, na kuishona pale pua ilipokuwa. Maandiko ya tabibu Sushruta yanaeleza kazi hii, nayo ni ya kale kuliko hospitali yoyote unayoijua. Mwaka 1794 gazeti moja la London lilichapa picha ya mtu wa India aliyetengenezewa pua hivyo, na miaka 20 baadaye, 1814, daktari Joseph Carpue akaijaribu Uingereza. Kwa hiyo mtu akikuambia upasuaji wa uso ni mambo ya wazungu, mwambie wazungu nao walijifunza.

Kisha ikaja vita ya kwanza ya dunia. Wanajeshi walikuwa kwenye mahandaki, kichwa kinachungulia nje, mwili uko salama chini. Risasi na vipande vya mabomu vikapiga nyuso. Walirudi vijana wa miaka 20 bila taya, bila pua, bila kope. Daktari mmoja kutoka New Zealand, Harold Gillies, akaenda Paris akamtazama Hippolyte Morestin akifanya kazi. Huyu Morestin alizaliwa Martinique, kisiwa cha Karibi, na alikuwa bingwa wa nyuso pale Paris. Gillies akarudi Uingereza na moto, na mwaka 1917 ikafunguliwa hospitali ya nyuso huko Sidcup. Wagonjwa zaidi ya 5,000 walipita hapo, wakafanyiwa upasuaji zaidi ya mara 11,000. Maana yake uso mmoja ulihitaji kurudiwa tena na tena. Baadhi ya mabenchi barabarani kuelekea mjini yalipakwa rangi ya bluu, ili wenyeji wajue kwamba anayekaa hapo anaweza kuwa na sura itakayowashtua.

Mmoja wao alikuwa baharia, Walter Yeo, aliyeungua kwenye vita ya Jutland mwaka 1916. Alipoteza kope zote, za juu na za chini. Hebu jaribu kukaa dakika moja bila kupepesa macho. Gillies alimhamishia ngozi kutoka kifuani mpaka usoni, akamtengenezea kope. Kumbukeni hizi kope, nitazirudia.

Nilipofika kwenye huo mwaka 1917 nilisimama kusoma, maana ni mwaka tunaoujua huku kwetu kwa sababu nyingine. Mwaka huohuo vita hiyohiyo ilikuwa inapita bonde letu. Wajerumani walikuwa Mahenge, na Oktoba 1917 majeshi ya Wabelgiji yakaichukua. Chakula kilichukuliwa vijijini, na wanaume walichukuliwa kubeba mizigo. Jina la Kariakoo pale Dar limetokana na kikosi cha hao wapagazi wa Waingereza. Walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Hakuna aliyewajengea hospitali ya nyuso wala ya miguu. Nasema tu ili tusisome historia ya Sidcup tukidhani kwamba dunia nzima ilikuwa Sidcup.

SEHEMU YA 3

Sasa makunyanzi yenyewe.

Inaelezwa kwamba wa kwanza kukaza uso ni daktari wa Berlin, Eugen Holländer, mwaka 1901. Mwanamke mmoja wa ukoo bora wa Poland alimwendea akamwonyesha kwa mchoro pale anapotaka ngozi ikatwe, karibu na masikio, ili mashavu yavutike juu. Daktari alisita, mama akasisitiza, ikafanyika. Yaani tangu siku ya kwanza wazo lilitoka kwa mgonjwa mwenyewe. Miaka michache baadaye daktari mwingine Mjerumani, Erich Lexer, akasema naye alimfanyia mwigizaji mwaka 1906. Ilikuwa kazi ndogo tu ya kukata kipande cha ngozi na kushona, na ngozi ikilegea tena baada ya muda mfupi wanarudi palepale. Wengi walifanya kwa siri, mgonjwa hataki kujulikana na daktari anaogopa wenzake watamdharau.

Lakini mtu aliyenigusa mimi ni mwanamke. Anaitwa Suzanne Noël, Mfaransa, alizaliwa 1878. Alisomea udaktari akiwa tayari ameolewa na ana mtoto, wakati wanawake madaktari walikuwa wa kuhesabu. Naye alijifunza kwa yuleyule Morestin. Mwaka 1912 mwigizaji maarufu wa Ufaransa, Sarah Bernhardt, alirudi kutoka Marekani akiwa amevutwa ngozi kupitia sehemu ya nywele. Alikuwa na umri wa miaka karibu 68. Suzanne aliposikia akaanza kujibana ngozi ya uso wake mwenyewe mbele ya kioo, hapa na pale, aone kipi kinapanda na kipi kinashuka. Kisha akaanza kufanya kwa wagonjwa, kwa ganzi tu, na jioni yake mgonjwa anarudi nyumbani.

Mwaka 1926 alitoa kitabu kuhusu upasuaji wa urembo na kazi yake katika jamii. Sikilizeni hoja yake. Anasema wanawake waliomwendea hawakuwa wote matajiri wanaotaka kupendeza kwenye sherehe. Wengi walikuwa wanawake waliokuwa wanafukuzwa kazi, au hawaajiriwi, kwa sababu uso umechoka. Mume amekufa vitani, watoto wanataka kula, na mwajiri anataka msichana. Kwake yeye kisu kilikuwa njia ya mwanamke kuendelea kula kwa jasho lake. Inaelezwa kwamba matajiri aliwalipisha, na wasio na uwezo aliwafanyia bila malipo.

Huyu si Mama Mkubwa kabisa? Amehamishwa jikoni kwa sababu ya mashavu! Miaka mia moja imepita, kutoka Paris mpaka Idete, na maneno ya mwenye mgahawa ni yaleyale. Mimi niliyemuuliza kama anataka kuolewa sikujua kwamba anaongelea mshahara.

Mwingine ataniuliza, sasa si afadhali huyo mwenye mgahawa abadilike kuliko mama wa watu akatwe uso? Ndiyo, afadhali. Suzanne naye alilijua hilo, maana alikuwa mpigania haki za wanawake, na mwaka 1924 alianzisha chama cha wanawake wa Soroptimist pale Paris. Alipigania kotekote. Na maisha hayakumwonea huruma, ndani ya miaka michache alifiwa na mume wa kwanza, kisha binti yake wa pekee, kisha mume wa pili. Aliendelea kufanya kazi, akafa 1954.

SEHEMU YA 4

Hii ndiyo sehemu niliyokuwa nangojea kuwasimulia.

Vita ya pili, marubani wa Uingereza wanaungua ndani ya ndege. Mikono na nyuso. Daktari wao ni Archibald McIndoe, naye wa New Zealand, ndugu wa Gillies. Hospitali iko mji mdogo wa East Grinstead. McIndoe alifanya jambo ambalo mimi kama nesi nalipenda kuliko hata upasuaji wake. Aliwaambia watu wa mjini, hawa vijana wangu watakuja kwenye baa zenu na sinema zenu, watazameni machoni, msigeuze nyuso. Na mji ukafanya hivyo. Wagonjwa wakaanzisha chama chao mwaka 1941, wakajiita kwa mzaha jina la wale panya wa majaribio wa maabara, maana daktari alikuwa anajaribu juu yao. Chama kilifika watu 649.

Baada ya vita McIndoe alipata shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Na mwaka 1956, chini ya mlima huo, walikaa madaktari watatu wa upasuaji. Mmoja McIndoe. Wa pili Michael Wood, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Afrika Mashariki na aliyejifunza upasuaji rekebishi kwa McIndoe. Wa tatu kijana wa Kimarekani, Tom Rees. Walikuwa wameona watu walioungua, walioliwa na wanyama, watoto wenye midomo iliyopasuka, wote wako mbali na hospitali siku kadhaa za kutembea. Wakapanga kuwafuata kwa ndege ndogo. Mwaka 1957 ikazaliwa huduma ya madaktari wanaoruka, ambayo leo tunaiita AMREF. Ndiyo, AMREF hii hii yenye mabango kwenye miradi ya mama na mtoto. Ilianzishwa na madaktari wa nyuso.

Na huyu Tom Rees, mnajua aliporudi kwao alifanya kazi gani? Alikuwa mmoja wa mabingwa wa New York wa kukaza nyuso za matajiri na watu mashuhuri. Aliandika vitabu ambavyo madaktari wenzake walisomea kazi hiyo. Mwaka ukifika anachukua mfuko wake anakuja Afrika Mashariki, anamshona mtoto mdomo chini ya mwembe, kisha anarudi kwa mabibi wa New York. Alifariki 2013. Wengine watasema anafiki. Mimi sioni hivyo. Mkono ni uleule, ujuzi wa kushona ngozi bila kuacha kovu ni uleule, na nadhani hela ya makunyanzi ya New York ilimsaidia kupata nafasi ya kuja huku.

Turudi bondeni kwetu. Wazee wa Ifakara wanakumbuka kambi ya wenye ukoma pale Nazareti. Ukoma ukichelewa kutibiwa unachukua nyusi, unabomoa pua, na kwa wengine uso unavimba mabonge mabonge. Dawa inamponya, mabonge yananywea, lakini ngozi iliyokuwa imevutika inabaki inaning'inia, na kijana wa miaka 30 anaonekana wa 70. Mtu amepona kabisa, haambukizi, lakini kijiji kinamwona bado ana ukoma. Kwa wagonjwa kama hao, huko India hasa, madaktari walifanya upasuaji uleule wa kukaza uso, wakapunguza masikio yaliyorefuka, wakapandikiza nyusi kwa ngozi yenye nywele. Huo tutauita urembo? Mtu alikuwa anataka kupanda basi bila watu kuhama viti.

Na kifafa. Huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianza kliniki ya kifafa karibu mwaka 1960. Alikuta watu wenye makovu makubwa ya moto usoni na mikononi. Mtu ameanguka kwenye mafiga, na waliokuwa karibu wameogopa kumgusa, wakiamini povu la mdomoni litawaambukiza. Mama zangu, kifafa hakiambukizwi kwa mate. Mtoe motoni, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mlete kituoni. Dawa ipo. Hili nitalirudia mpaka mnichoke, kwa sababu kovu la namna hiyo hata Gillies angehangaika nalo, na kulizuia ni kunyoosha mkono tu.

SEHEMU YA 5

Haya, twende kwenye swali la Mama Mkubwa. Anapona?

Kwanza mjue kinachofanyika. Daktari anapasua mbele ya sikio, anazunguka nyuma ya sikio mpaka kwenye nywele. Anainua ngozi. Zamani waliishia hapo, wanavuta ngozi na kushona, ndiyo maana uso ulionekana kama umepigwa na upepo na baada ya muda unashuka tena. Kuanzia miaka ya 1970 madaktari walijifunza kukaza tabaka la chini ya ngozi, lile linaloshika misuli ya uso, na ngozi inalazwa juu yake bila kuvutwa kwa nguvu. Matokeo hukaa miaka saba hadi kumi hivi. Uzee hausimami, unaendelea kutoka pale. Na upasuaji huu unashughulika na mashavu, taya na shingo. Mistari midogo ya juu ya mdomo hauiondoi, na rangi ya ngozi haubadilishi.

Umri peke yake haukatazi. Duniani wanafanyiwa watu wa miaka 60 na 70. Kinachotazamwa ni presha, sukari, sigara, dawa unazokunywa, na ngozi yenyewe. Tatizo linaloonekana zaidi ni damu kujikusanya chini ya ngozi, hasa saa 24 za kwanza, na presha isiyotulia inaongeza hatari hiyo. Ndiyo maana mtu hapaswi kufanyiwa leo na kupanda basi la safari ndefu usiku huohuo. Kuna mshipa wa fahamu unaopita mbele ya sikio na kugawanyika usoni kama vidole, ukiguswa mdomo au nyusi zinaweza kulegea, mara nyingi kwa muda, mara chache moja kwa moja. Kuna vidonda kuchelewa kupona, hasa kwa wavutaji. Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna habari ya makovu yanayovimba. Kama ulitoboa sikio ukapata bonge, mwambie daktari kabla hajashika kisu, maana anapasua palepale sikioni.

Ngozi nyeusi ina bahati yake, weusi unaikinga na jua, makunyanzi yanachelewa. Ila sisi wenyewe tunaiharibu bahati hiyo. Mama Mkubwa aliponisogelea kwenye taa niliona mashavu yana vishipa vyekundu na ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi ya vitumbua. Nikamuuliza. Akasema miaka ile yuko Dar alipaka mkorogo, miaka kama sita. Basi. Sehemu ya "uzee" wake ni krimu. Zile zenye steroidi zinakonda ngozi, zenye haidrokwinoni zikitumika muda mrefu zinaacha madoa meusi ya bluu yasiyotoka, zenye zebaki zinaharibu figo. Mimi nazungumza na wenye mimba na wanaonyonyesha humu, zebaki inapita kwa mtoto tumboni na inapita kwenye maziwa. Na yule dada aliyeniuliza inboksi kama anaweza kumpaka mtoto kidogo "atakate", jibu ni lilelile nililokupa, hapana.

Ngozi iliyokonda kwa krimu inaweza kufanyiwa upasuaji, lakini daktari lazima ajue. Usimfiche kwa aibu.

Sasa wapi? Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili kule Mloganzila ilitangaza huduma za upasuaji wa urembo, kwa hiyo si lazima mtu apande ndege. Bei sitaiandika hapa, piga uulize mwenyewe, na ujue kwamba kwa kawaida bima hailipi cha urembo. Popote utakapokwenda, uliza jina kamili la daktari na kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kama amesomea upasuaji rekebishi. Uliza nani atakuwa na wewe usiku wa kwanza. Uliza amefanya nyuso ngapi, na ngapi zilipata shida. Asiyetaka kujibu la mwisho, chukua pochi yako.

Idete tunajua kuuliza namba. Miaka ya 1990 watoto wa hapa hapa ndio walioshiriki jaribio la chanjo ya malaria ya SPf66, leo ni wazazi, wengine wako humu. Watu walikuwa na matumaini makubwa. Jibu lililotoka 1994 lilikuwa asilimia 31, halafu majaribio ya kwingine hayakuona hata hiyo. Chanjo ikaachwa. Ikiwa chanjo iliulizwa namba, mwenye sindano za kukaza uso za nyumbani naye aulizwe. Nilichukua simu ya Mama Mkubwa nikamwandikia mimi: dawa iliyomo inaitwaje, imesajiliwa wapi, wewe umesomea wapi. Akasoma, alama mbili za bluu, akatublok.

Sindano ya kujazia uso ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi au kupofusha jicho. Chumbani kwako, na bodaboda saa tatu usiku, tutakufikisha wapi?

SEHEMU YA 6, fupi

Nimerudi kwake jana na maelezo yote haya, nikakaa kwenye kigoda kilekile. Nilimpima presha, 158 kwa 96. Hakuwa anajua. Kwa hiyo hilo ndilo la kwanza, na nimemwanzishia utaratibu wa kuja kupimwa.

La pili. Nilimwambia anitazame mbele bila kuinua kidevu. Ngozi ya kope za juu imeshuka mpaka inagusa mboni, macho yote mawili sawasawa. Nikainua kidole pembeni juu, hakukiona mpaka kilipofika usawa wa nyusi. Kumbe ndiyo maana siku hizi anainua kichwa akitazama watu, na mwenye mgahawa akaona "amechoka". Kope zilizoziba macho ni ugonjwa wa kutibiwa na daktari wa macho, upasuaji wake ni mdogo kuliko wa uso mzima, na unafanyika kwa ganzi. (Tofautisheni: kope au mdomo ukishuka upande mmoja tu, ghafla, huo si uzee. Inaweza kuwa kiharusi. Usisubiri kesho.)

Nikamsimulia yule baharia wa kope. Akauliza, "Alipona?" Nikamwambia alirudi kazini. Akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua huyo mama Mfaransa alikuwa anawalipisha kiasi gani wahudumu wa mgahawa.

Kuhusu uso mzima hajaamua, na mimi sitamwamulia. Amesema kwanza macho. Akiona vizuri ndipo atajua kama bado anautaka huo uso mwingine. Binti alipiga kutoka Muscat nikiwa hapohapo, nikaongea naye, nikamwambia hela ishikwe kwanza. Jumatatu ijayo tunakwenda wote Ifakara kwa daktari wa macho, mimi nimeomba ruhusa. Nimemwahidi pia kwamba siku ya kliniki inayofuata nitaliambia lile benchi kwamba nilijibu vibaya.

Akacheka. "Waambie. Na waambie mpunga wangu bado uko shambani, kwa hiyo mpaka nivune hakuna atakayenikata popote."